UZI: Tutunge limeriki za miji mikuu ya dunia (vina, mizani na utani ruksa)

Fundi wa Kituo

Wakuu, salaam kwenu. Jukwaa limechoshwa na siasa na mabishano ya Simba na Yanga, leo tucheke kwa kutumia akili kidogo.

Kuna shairi fupi la Waingereza linaitwa limeriki. Jina limetokana na Limerick, mji wa Ireland. Lina mishororo mitano tu. Wa kwanza, wa pili na wa tano ni mirefu na ina kina kimoja. Wa tatu na wa nne ni mifupi na ina kina chake. Halina mawaidha, halimlilii marehemu, halimsifu kiongozi. Kazi yake ni kuchekesha, na mara nyingi linaanza na mtu fulani wa mji fulani. Edward Lear ndiye aliyelipa umaarufu mwaka 1846, na tangu hapo Waingereza hawajaacha kutaniana kwa majina ya miji.

Nataka tulifanye la Kiswahili, tena kwa miji mikuu ya dunia. Wao wanahesabu mapigo ya sauti. Sisi tuna mizani, yaani idadi ya silabi za kila mshororo, kwa hiyo nimeweka hivi: 12, 12, 8, 8, 12. Ile nane mnaijua, ni nane ya utenzi, haina haja ya kufundishwa mtu.

Kwenye vina nitakuwa mkali. Zifanane silabi ya mwisho pamoja na irabu ya silabi iliyo kabla yake, siyo silabi moja tu. Kina cha silabi moja kwa Kiswahili hakina jasho. Ukisema "Dodoma" halafu ukamaliza na "karama", sikio halishtuki, maana nusu ya kamusi inaishia na "ma". Lakini "Dodoma" na "homa", hapo mtu anaanza kutabasamu kabla hata hajajua kwa nini.

Na utani uwe na adabu. Mtanie mkubwa, tania foleni, jina la mji, historia yake, ahadi zake zisizotimia. Maskini wa mji, dini ya watu na sura zao tuviache. Na kisa unaweza kukibuni utakavyo, ila mji uwe wa kweli. Ukiweka bahari Kampala, beti lako nalirudisha.

Naanza na nyumbani. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, sheria ya kuutangaza kuwa mji mkuu ikapitishwa mwaka 2018. Katikati hapo mnajua wenyewe.

*Mheshimiwa kahamia Dodoma,*
*Jumatatu ofisini anasoma,*
*Ijumaa saa nane*
*Mkitaka muonane,*
*Yuko Dar, eti amepatwa na homa.*

Karibuni.

Konda Mstaafu

Saa nane umemhurumia mkuu. Nawajua wanaoanza kukohoa saa nne asubuhi. Na sasa kuna treni ya umeme, homa inafika Dar kabla ya magharibi, imekaa dirishani inakula korosho.

Nipo siti ya mbele, endeleeni.

Bi Mkubwa wa Baraza

Fundi, mwanangu, hujambo? Nimesoma nikacheka, kisha nikatoa vidole nikahesabu. Hiyo "Dar" yako ni mizani mingapi? Silabi yetu huishia na irabu. Ukitamka "Da-ri" mshororo una 13, na hilo ni guni, shairi lililovunja kanuni. Mimi nimelelewa Mombasa, kwenye nyumba ambayo mtu akitunga guni hapewi chai.

Fundi wa Kituo

Shikamoo Bi Mkubwa. Chai nitakunywa, kwa heshima. Kondakta akiwa mlangoni anapaza "Dar, Dar, Dar" kwa pigo moja kila mara, hakuna abiria aliyewahi kusikia mawili. Mizani inafuata mdomo wa wenyeji. Halafu ninyi malenga wenyewe mna inkisari: mkibanwa mnafupisha neno, mkipungukiwa mnalivuta kwa mazida, mkitaka kina mnabadili irabu na kuiita tabdila. Haki hiyo ya malenga naiomba na mimi, hata kama ni kwa silabi moja.

Bi Mkubwa wa Baraza

Marahaba. Una ulimi, nimekusamehe hiyo moja. Lakini usiizoee. Inkisari ni chumvi, na mji wenye jina refu utakujaribu.

Nikuongezee jambo. Takhmisa zetu pia zina mishororo mitano, ila yote hulingana. Na tuna msuko, ambao kituo chake, yaani mshororo wa mwisho, hukatwa kikawa kifupi kuliko mishororo ya juu. Hili la Waingereza limekata katikati. Nimelisoma kwa sauti mara kadhaa nikaona siri yake iko hapo: ile mishororo miwili mifupi inamharakisha msikilizaji, anasahau kina cha mwanzo, halafu kituo kinakuja kumkumbusha. Kwa hiyo kichekesho kisikae mshororo wa tatu. Huko ni kumwaga mchuzi kabla wali haujaiva.

Haya, na mimi mtani wa Nairobi nisipitwe. Mji wenyewe ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli tu, hata mji mkuu wakatunyang'anya. Na una mbuga ya wanyama kando yake tangu mwaka 1946, uzio haukuzunguka pande zote, na simba hutoka wakatembea barabarani kama wana kodi ya nyumba.

*Simba wa mbuga jijini Nairobi*
*Alitoroka akaenda kwa dobi:*
*"Fua manyoya haraka,*
*Watalii wanitaka,*
*Na kupigwa picha kwangu ndiyo hobi."*

Konda Mstaafu

Dobi! Bi Mkubwa umeniua. Nairobi nilidhani haina kina kabisa. Nilifika mpaka "globu" nikakata tamaa.

Kijana wa Thika Road

Shikamoo Bi Mkubwa. Simba akitoka huko mbugani jioni hafiki kwa dobi, atakaa kwenye jam mpaka manyoya yachafuke tena. Sisi watu wa Nairobi tunachekwa kwa hii foleni na tumeikubali. Kwa hiyo nimetafuta mji wenye ugonjwa wa kinyume.

Myanmar walihamisha serikali kutoka Yangon mwaka 2005, wakajenga Naypyidaw porini. Kuna barabara huko yenye njia ishirini. Ishirini! Na picha zake zote ni lami tupu, utafikiri ni Krismasi na kila mtu ameenda kwao. Natamka "Ne-pi-do", mizani mitatu, Fundi usinisumbue.

*Kule Naypyidaw njia ni ishirini,*
*Gari moja, na mbwa kalala chini.*
*Mkenya alipofika*
*Kilio kikamshika,*
*Kataka mbili azitie begini.*

Fundi wa Kituo

Hii nimeisoma kwa sauti ofisini na bosi yupo. Angalieni alichofanya wakuu: jina la mji halikukaa kwenye kina, limekaa ndani ya mshororo. Naypyidaw ukiliweka mwishoni utaishia kutafuta "kishindo" na "pindo", na beti litakufa likitafuta kina. Na mbwa hajaelezwa. Amelala tu katikati ya barabara, mengine unayajua mwenyewe.

Raia Mwenye Hasira

Nchi ina matatizo, bei ya mafuta imepanda, watu wazima wanahesabu silabi. Haya bwana.

Konda Mstaafu

Kaa hapa mkuu, bei ya mafuta ina kina kizuri tu.

Mwana Lubumbashi

Bandugu, jambo kwenu bote. Miye ni mutu wa Lubumbashi. Kule Kinshasa nilienda kwa kazi, kule banasema Lingala, Kiswahili yetu banaichekaka. Lakini hii shairi nitaiandika kwa Kiswahili ya vitabu, juu Bi Mukubwa asinifukuze kwenye baraza.

Mnajua Kinshasa na Brazzaville zinatazamana. Mto Kongo uko katikati, usiku unaona taa za wenzako kama ni mtaa wa pili. Ukiacha Roma na Vatican, hakuna miji mikuu miwili iliyokaribiana hivi duniani. Na hakuna daraja. Wakubwa wamelizungumza miaka na miaka, na sisi tunapanga mstari pale Beach Ngobila tukingoja boti, na karatasi mkononi, na muhuri juu ya karatasi, na mtu wa kutazama muhuri.

*Kijana wa Brazza kapenda Kinshasa,*
*Mchumba amwona ng'ambo hata sasa.*
*Daraja ni la ramani,*
*Mahari iko mezani,*
*Ndoa yangoja wakuu wa siasa.*

Bi Mkubwa wa Baraza

Mwanangu wa Lubumbashi, wewe kaa mkeka wa mbele. "Daraja ni la ramani" ni mshororo ambao hata mimi ningeuvaa sikukuu. Mizani imetimia yote, nimehesabu.

Mgeni wa Jana

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mgeni humu, mashairi niliacha shuleni. Nimejaribu ya Kigali, nikosoeni.

*Nilikwenda Kigali nikiwa na mfuko wangu wa nailoni umejaa asali*
*Afisa wa uwanja wa ndege akaniangalia kwa jicho kali*
*Akasema huu mfuko hauruhusiwi na serikali*
*Nikamwambia basi chukua mfuko niachie mali*
*Nikatoka nje nalamba mikono na safari bado mbali*

Konda Mstaafu

Hii siyo limeriki, hii ni taarifa ya polisi. Lakini nimeipenda.

Fundi wa Kituo

Karibu sana mgeni, na usimsikilize Konda. Kisa chako ni kizuri kuliko changu cha Dodoma, maana ni cha kweli mpaka ndani: Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mpaka leo ukishuka na mfuko uwanja wa ndege wanauchukua. Asali ndiyo ubunifu wako, na ni ubunifu wa akili. Ungesema nguo, tusingecheka. Nguo zinabebeka mkononi. Asali haibebeki.

Tatizo liko kwenye ujenzi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu wengi tutaanguka palepale.

Kwanza, vina vyote vitano ni "-ali". Kigali ni mji wa hatari kwa mtunzi, si kwa sababu ni mgumu, ni kwa sababu ni rahisi kupita kiasi: mali, kali, mbali, wali, hali, ajali, ghali, serikali. Ukifungulia bomba hilo halifungiki. Sikio likishapata "-ali" mara tatu mfululizo halitarajii kitu tena, linasinzia. Mshororo wa tatu na wa nne lazima vitoke nje ya "-ali", ili ya tano ikirudi irudi na habari.

Pili, umetueleza kila kitu. Afisa aliangalia, akasema, ukajibu, akachukua, ukatoka. Kwenye hadithi ni sawa. Hapa una mizani nane tu ya kumwonyesha afisa, kwa hiyo afisa hasemi. Anachukua. Mazungumzo msomaji atayaweka mwenyewe, na atayaweka vizuri kuliko sisi.

Tatu, "mimi" iondoe. Mtu akijisimulia tunamwonea huruma. Akiwa "mgeni fulani" tunamcheka bila dhambi.

Nimelikata hivi, kisa ni chako:

*Mgeni fulani katua Kigali,*
*Nailoni begini ina asali.*
*Afisa akaitwaa,*
*Mgeni akaduwaa,*
*Kalamba mikono safari ya mbali.*

Mgeni wa Jana

Duh. Kumbe ile "akaduwaa" imebeba mistari yangu miwili yote. Asante sana mkuu. Lakini ile "jicho kali" naililia.

Bi Mkubwa wa Baraza

Usiililie, ihifadhi. Kuna mji utaitaka.

Mwenyeji wa Kampala

Wapendwa, nimeona Fundi anatishia watu na bahari ya Kampala. Bahari hatuna, tuna ziwa hapo karibu, vilima, bodaboda na korongo. Hao korongo wageni huwashangaa: ndege warefu kama mtoto wa darasa la tatu, kichwa hakina nywele, mgongo mweusi, tumbo jeupe, wanakaa juu ya nguzo za taa na juu ya miti ya katikati ya mji. Chakula chao kiko jalalani. Wakisimama vile wametulia, unadhani wanasubiri faili lako lisomwe.

*Korongo mzee aishi Kampala,*
*Kwa joho lake huongoza jalala.*
*Bodaboda wakipita*
*Husimama kuwaita:*
*"Kesi nasikia, ila nikilala."*

Raia Mwenye Hasira

Hapa ndipo ninaposema. Jalala la mji wa watu mnalifanyia mzaha? Fundi si ulisema maskini asiguswe?

Mwenyeji wa Kampala

Ndugu yangu, mji ni wangu, jalala ni letu na korongo ni majirani. Aliyeguswa humo ni anayelala kesi ikisomwa. Kama wewe ni hakimu, tusamehe.

Fundi wa Kituo

Swali la Raia lina haki yake. Mimi nilivyoona, jalala limetajwa kama makazi ya mheshimiwa mwenye joho, na mzaha umempanda yeye. Mtu anayeokota chupa hapo jalalani hajaonekana kabisa kwenye beti. Angeonekana, ningekuwa upande wako. Babu zetu walikuwa na utani wa makabila, Mzaramo na Mnyamwezi wakitupiana maneno hata msibani, na kila mmoja alijua neno lipi halitamkwi. Mtani wa kweli anajua mpaka. Kwa mji ambao hujawahi kuukanyaga, njia salama ni kutania kile ambacho wenyeji wenyewe wanakitania. Kijana wa Thika Road hakwenda Myanmar, lakini aliyelia kwenye beti lake ni Mkenya.

Sasa niseme juu ya majina magumu, kuna watu wameniandikia faraghani wanauliza. Miji inayoishia na konsonanti, Bangkok, La Paz, Berlin, Washington, ina njia mbili. Unaweza kuitamka Kiswahili na kuipa irabu, kama zamani tulivyoifanya Muscat ya Oman kuwa Maskati, au unaificha ndani ya beti. Mimi napenda kuificha. Bangkok hasa haina budi kufichwa, maana jina lake rasmi la sherehe, lile linaloanza na Krung Thep Maha Nakhon, lina herufi 168 likiandikwa kwa herufi za Kilatini. Lingemaliza beti zima na kuingia kwenye uzi wa jirani. Kwa hiyo urefu wenyewe ndio kisa, na jina la mji sijalitaja kabisa:

*Mthai akataja jina kamili*
*La mji; nimeshalala mara mbili,*
*Nikala, nikaamka,*
*Yeye bado atamka,*
*Nusu bado, nami sinayo akili.*

Antananarivo nawaachia. Mizani sita, yaani nusu ya mshororo imekwenda kwa kutaja mji tu, na kina cha "-ivo" sijakiona mahali. Yamoussoukro pia. Ule mji ni ndugu wa Dodoma: ni mji mkuu wa Ivory Coast kisheria tangu mwaka 1983, lakini ofisi nyingi na mabalozi wamebaki Abidjan. Una basilika kubwa ajabu, limewekwa wakfu mwaka 1990 na Papa mwenyewe. Mzaha umejaa hapo, ila kila nikifika kwenye "kubwa" nakwama.

Kijana wa Thika Road

Kubwa, dubwa... hapana. Endelea kukwama tu.

Konda Mstaafu

Mimi nimepata moja, na nimehesabu kwa tiketi, siyo vidole. Kazakhstan. Mji wao mkuu uliitwa Akmolinsk, ukaitwa Tselinograd, ukaitwa Akmola, mwaka 1998 ukaitwa Astana, mwaka 2019 ukaitwa Nur-Sultan kwa heshima ya rais aliyestaafu, mwaka 2022 ukarudi kuitwa Astana. Nilimfikiria ajuza wa huko aliyezaliwa na kuzeeka mtaa mmoja. Nimehesabu A-s-ta-na, nne.

*Bibi hajahama, yupo Astana,*
*Tarishi kamsaka hadi mchana.*
*Mji ule, jina jipya,*
*Kibao nacho ni kipya,*
*Keshokutwa watarudisha la jana.*

Bi Mkubwa wa Baraza

Konda! Wewe ulikuwa umejificha wapi? Kituo hicho kimekaa. Angalia alivyofanya: "keshokutwa" na "la jana" zimegongana ndani ya mshororo mmoja, na mzaha ni kweli tupu, jina limerudi kama alivyosema. Kosa dogo ni "jipya" na "kipya", neno moja limevaa nguo mbili. Kwa malenga mkali hicho si kina, ni kioo. Lakini nimekaa na watunzi wa magazetini waliofanya mabaya zaidi.

Konda Mstaafu

Nakubali kukaguliwa, tiketi ninayo.

Mpemba wa Maskati

Assalaam aleikum jamaa. Nimetajiwa Maskati nikaamka. Huku Kiswahili hakikosi, ukiingia dukani ukalalamika bei kwa Kiswahili ukidhani hawajui, unajibiwa kwa Kiswahili cha Unguja na bei haishuki.

Mji ni mweupe na majumba ni mafupi, serikali haitaki maghorofa yapande juu ya milima. Na joto la kiangazi halisimuliki. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini Sayyid Said, aliyetawala tangu mwaka 1806, aliuacha mji wake akahamishia makao Unguja, mnamo mwaka 1840. Wanahistoria wana sababu zao nzito: karafuu, biashara ya bara, bandari. Mimi nimesimama nje saa saba mchana mwezi wa Juni nikapata sababu yangu.

*Sultani alichoka Maskati,*
*Jua kama kikaango cha chapati.*
*Kaskazi ikavuma,*
*Na mizigo kaituma,*
*Likizo Unguja, pasi na wakati.*

Mgeni wa Jana

"Likizo pasi na wakati", nimeipenda hiyo. Hata hivyo, si alikuwa akirudi Oman?

Mpemba wa Maskati

Alikuwa akirudi, mwanangu, umesoma vizuri. Hata kifo kilimkuta baharini mwaka 1856, akitoka Oman kuja Unguja. Lakini beti lina mizani 52 tu, nikianza kumpandisha na kumshusha jahazini sitafika kwenye likizo.

Bi Mkubwa wa Baraza

Na hilo ndilo jibu la mtunzi. Pia amejua kuchagua upepo. Kaskazi ndiyo iletayo majahazi huku, angeandika Kusi ningempeleka akaoge maji ya chumvi.

Fundi wa Kituo

Wakuu, naona tunasonga vizuri. Ombi moja: msikimbilie miji maarufu tu. London na Paris zimetaniwa na dunia nzima, kila mzaha umeshachakaa. Afrika Kusini ina miji mikuu mitatu, Pretoria, Cape Town na Bloemfontein, na hakuna aliyegusa. Mtu anayetafuta saini moja kwenye miji mitatu! Burundi wamehamishia makao ya kisiasa Gitega tangu mwaka 2019, Bujumbura imebaki na biashara na mamba wa Ziwa Tanganyika. Nauru haina mji mkuu rasmi kabisa, kwa hiyo humo hata mtu wa kumtania inabidi umtafute.

Kijana wa Thika Road

Gitega ina kina gani? Ega... tega, bega, mtega... kuna kitu hapo. Nakuja.

Mgeni wa Jana

Wakubwa, nimerudi. Safari hii nimehesabu mpaka mke wangu ameuliza kama nina deni. Burkina Faso, Ouagadougou. Kila baada ya miaka miwili kuna tamasha kubwa la filamu za Kiafrika, FESPACO, lilianza mwaka 1969. Nimetamka Wa-ga-du-gu, nne. Mshororo wa pili nimeboronga sarufi kidogo kwa ajili ya kina, Bi Mkubwa naomba radhi mapema.

*Filamu yangu yaenda Ouagadougou,*
*Waigizaji wote ni wangu ndugu:*
*Shangazi ndiye jambazi,*
*Babu kajificha wazi,*
*Tukishinda, kugawana ni vurugu.*

Bi Mkubwa wa Baraza

"Wangu ndugu" si kosa, ni ruhusa ya kale ya washairi, na umeitumia mara moja tu kama mtu mwenye adabu. Shangazi jambazi nimemcheka. Babu kajificha wazi, huyo nimemcheka mpaka nikaitiwa maji. Fundi, mwanafunzi wako kakupita.

Fundi wa Kituo

Kanipita, na nimemwona akipita. "Vurugu" nilikuwa nimeiweka akiba kwa mji huohuo tangu jana, sasa natafuta mji mwingine.

Mwana Lubumbashi

Muzuri sana! Lakini miye niko na swali kwa hiyo familia. Zawadi kubwa ya pale Ouaga ni farasi, Farasi wa Yennenga, iko sanamu ya farasi na mwanamuke juu. Mutagawana namna gani?

Konda Mstaafu

Shangazi achukue farasi, ndiye jambazi.

Mwenyeji wa Kampala

Na babu?

Mgeni wa Jana

Babu bado hatujampata.